Mchezo wa samurai na swali la njia: tuliyoyasema juu ya Ghost of Tsushima



Tunajua kuna wenye wameona kichwa cha mazungumzo ya leo wakacheka. Vuguvugu la raia linakuja kuongea mchezo wa video? Ndiyo. Juu vijana wengi tuko tunacheza, na mchezo unafundisha hata kama hatujaomba kufundishwa. Tukae kidogo tuutazame: fasi gani iko na nguvu, fasi gani iko na uzaifu, na sisi wenye tumechagua kutotumia nguvu ya silaha tuchukue nini ndani yake. Asiyefika mwisho wa mchezo asikasirike, tutaongea mpaka mwisho.

Kwanza, ni mchezo gani? Ghost of Tsushima ulitengenezwa na Sucker Punch, studio ya Marekani, ukatoka mwezi wa saba 2020 kwa PlayStation 4. Mu 2021 wakaongeza kisiwa cha Iki, na mu 2024 ukafika ku kompyuta. Ni mchezo wa dunia wazi: unapanda farasi na kwenda fasi unataka. Hadithi ni ya mwaka 1274, wakati Wamongoli walivuka bahari kuvamia Japani na kupitia kisiwa cha Tsushima. Unacheza Jin Sakai, samurai kijana aliyelelewa na mjomba wake, Bwana Shimura, mkubwa wa kisiwa.

Tuanze na nguvu zake.

Nguvu ya kwanza ni upepo. Michezo mingi inajaza kioo na mishale, alama na ramani ndogo pembeni, na mwishoni unaangalia ramani tu, nchi yenyewe huioni. Hapa unaita upepo, nyasi zinainama, na unafuata. Ndege wa manjano anakupeleka fasi fulani, mbweha anakuongoza mpaka ku hekalu dogo. Unajifunza kusoma nchi kwa macho yako.

Nguvu ya pili ni mapigano. Adui mwenye upanga, mwenye ngao, mwenye mkuki na lile jitu kubwa, kila mmoja anaomba namna yake ya kusimama. Ukibonyeza bila kufikiri, unakufa. Na kuna ile ya kumwita adui uso kwa uso: unashika kitufe, unangoja, na ukiachilia mbele ya wakati umekwisha. Uvumilivu njo silaha.

Nguvu ya tatu ni watu wa kando. Yuna ni mwizi, hana ukoo mkubwa, lakini bila yeye Jin angekufia ku pwani ya Komoda. Bibi Masako amepoteza familia yake yote, na tunaona jinsi kisasi kinamkula mtu polepole.

Nguvu ya nne imetokea inje ya mchezo. Mu mwezi wa tisa 2020 kimbunga kiliangusha lango la hekalu la Watatsumi, ku Tsushima ya kweli. Wenyeji waliomba yeni milioni 5 za kulisimamisha tena. Zikaja zaidi ya milioni 27, na wengi waliotoa walikuwa wachezaji wa mchezo huu, watu wenye hawajakanyaga kisiwa kile hata siku moja. Nyuma yake, wakubwa wawili wa mchezo wakaitwa mabalozi wa utalii wa Tsushima. Wandugu, tusidharau jambo hili. Kila mtu alitoa kidogo, na lango likapatikana.

Sasa uzaifu.

Kusema kweli, mchezo unajirudia. Mahekalu ya mbweha yanapita 40. Wa kwanza unamfuata na furaha, wa ishirini unamfuata juu umezoea. Kambi za Wamongoli zinafanana. Walinzi nao ni wepesi sana kusahau: wanamkuta mwenzao amelala chini na mshale, wanatafuta kidogo, kisha wanarudi ku lindo kama hakuna kitu. Na ku PlayStation 4, ukichagua sauti za Kijapani, midomo ilikuwa inafuata Kiingereza.

Historia nayo wameichezea. Jin anatunga haiku, lakini aina ile ya shairi ilikuja karne nyingi nyuma yake. Panga na mavazi ya vita vinafanana zaidi na vya samurai wa nyakati za mbele. Na Khotun Khan, yule mkubwa wa Wamongoli, hakuwako. Ku Tsushima ya kweli Sō Sukekuni alitoka na wapanda farasi karibu 80, wakafa, kisiwa kikaangamizwa, na jeshi likaendelea mpaka Iki na Hakata. Hakukuwa Jin wa kuwaokoa.

Hapo njo tunafika ku moyo wa mazungumzo.

Mu mwanzo wa mchezo, samurai mmoja anatoka mbele ya jeshi kuita adui apigane mtu na mtu, kama kanuni inavyotaka. Khan anammwagia pombe, anamchoma moto, anamkata kichwa. Khan alikuwa amejifunza lugha yao na desturi zao. Alijua watafanya nini. Bwana Shimura hakujifunza kitu. Ku ngome yake anatuma watu ku daraja, daraja linalipuka, wengi wanakufa, na bado anataka kuwatuma tena kwa njia ile ile. Kanuni yenye mkubwa anailinda na damu ya wadogo, hiyo ni kiburi. Tuiseme hata kwetu: tukirudia mwendo ule ule kila mwaka juu tu tumeuzoea, sisi pia tuko Shimura.

Lakini Jin naye anafanya nini? Anaingia usiku na kutia sumu ku kinywaji cha Wamongoli. Inafanya kazi, ngome inarudi. Vijana wengi hapo wanapiga makofi. Ngojeni. Khan anajifunza kutengeneza sumu ile ile, na inarudi juu ya raia wa kisiwa. Hii ni fasi yenye akili kuliko zote mu mchezo. Silaha unayoifungulia mlango haikujui kama wewe ni bwana yake. Itamtumikia kila mwenye kuishika.

Kitu kimoja tunamheshimu Jin. Mjomba anamwambia amsukumie Yuna kosa lile, ili jina lake libaki safi. Anakataa. Anakubali kufungwa. Mtu mwenye amechagua njia abebe matunda yake, asimtwike mnyonge.

Lakini uzaifu mkubwa, kwetu sisi, ni huu: mchezo unatupa njia mbili tu. Heshima ya wakubwa yenye haifikiri, au kisu cha gizani. Na hata hapo hauna haki kabisa. Unaweza kupigana uso kwa uso saa zote, hadithi itakulaumu tu kama mzimu, juu ilikwisha kuandikwa. Chaguo la kweli linakuja mwishoni: kumuua mjomba au kumwacha.

Na wakulima wako wapi? Wanakimbia, wanalia, wanasema asante. Hata ku Yarikawa, fasi watu wanasimama kulinda mji wao, wanangoja mtu mmoja aje atie adui woga. Hakuna mtu anakaa nao chini na kuwauliza: ninyi munataka kisiwa hiki kiwe namna gani kiisha vita?

Wandugu, kuna siku mtu atakuja kumwambia mmoja wetu: "Maneno yenu na mabango yenu hayaleti kitu, kuja tukupe silaha." Atakuwa na hasira ya kweli na sababu za kweli. Siku ile ukumbuke ile sumu. Ukumbuke pia kwamba jibu letu haliwezi kuwa kukaa kimya na mikono safi, kama Shimura. Kutotumia nguvu ni kazi: kumjua mwenye kukugandamiza vizuri kuliko anavyokujua, kubadilisha mbinu, kujipanga avenyu kwa avenyu, kutongoja Jin.

Basi, mchezo ni mzuri, mwenye ako na nafasi acheze. Lakini ukiuzima, toka inje, uulize jirani yako maji yamekata toka lini, na mutafanya nini pamoja.

Tuko pamoja.