Shibolethi na Mzee Ojwang: Lafudhi na Kicheko katika Kujifunza Lugha

Rai inayopingwa katika mhadhara huu ni ile ya walimu wanaoshikilia kwamba mgeni hajaijua lugha mpaka aitamke kama mzawa. Kwa sababu ya rai hiyo mwanafunzi hukatizwa katikati ya kisa ili anyooshe irabu, na mwishowe huamua kukaa kimya.

Kwanza, mzawa yupi? Kiunguja kilipoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, wasemaji wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, hawakugeuka wageni katika lugha yao. Mtu wa Lamu na mtu wa Makunduchi wanatofautiana kimatamshi hadi leo, na hakuna anayewadai cheti.

Pili, ushahidi wenyewe unaikana rai hiyo. Mwaka 1995 Murray Munro na Tracey Derwing, watafiti wa Kanada, waliwasikilizisha wazawa 18 wa Kiingereza sauti za watu 10 ambao lugha yao ya kwanza ni Kichina cha Mandarin. Wasikilizaji waliandika walichosikia, kisha wakapima uzito wa lafudhi. Mara nyingi maneno ya msemaji aliyehukumiwa kuwa na lafudhi nzito yaliandikwa sawasawa. Basi lafudhi ni jambo moja, kueleweka ni jingine.  Inatosha kumtaja Joseph Conrad, Mpolandi aliyeandika riwaya kubwa za Kiingereza na kubaki na lafudhi ya kwao maisha yake yote.

Lakini chimbuko la hofu hii ya lafudhi ni la kale zaidi, na hakuna andiko linaloliweka wazi kama sura ya 12 ya kitabu cha Waamuzi katika Biblia. Watu wa Gileadi wamewashinda Waefraimu vitani na kuteka vivuko vya Yordani. Kila anayetaka kuvuka anaamriwa kutamka Shibolethi. Mwefraimu anatamka Sibolethi, anauawa. Andiko linataja watu 42,000 walioanguka. Hakuna aliyeshindwa kuelewana na mwenzake pale kivukoni. Sauti ilitumika kumtenga mtu, wala haikuhusiana na mawasiliano.

Sasa sauti ileile ihamishwe hadi Kenya. Dholuo haina sh, kwa hiyo shamba la Mluo huweza kuwa samba. Kwa miongo kadhaa katika Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha televisheni, Benson Wanjau, Mkikuyu, aliigiza Mzee Ojwang kwa lafudhi ya Kiluo, kwa ustadi hata wengi wakamdhania Mluo. Alipofariki mwaka 2015 aliombolezwa na Wakenya wa kila kabila. Konsonanti iliyoua kivukoni ilikusanya familia mbele ya televisheni.

Mtoa mhadhara huu aliwahi kuwa na mwanafunzi Mjapani ambaye r na l zilimgomea kabisa. Darasani alikuwa bubu. Jioni, kwenye baraza la wanywa kahawa, akaanza kutega vitendawili. Wazee walipokwama akadai mji, kama ilivyo desturi ya mtegaji ambaye kitendawili chake hakikuteguliwa. Wakampa Tanga, akaikataa, akataka Mombasa na bandari yake. Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Tangu siku hiyo walimwita kwa jina, wakamsahihisha bila kumdhalilisha, na Kiswahili chake kikapaa.

Itasemwa, na ni kweli, kwamba kicheko nacho hukata. Mtoto wa Kiluo anayeigizwa Ojwang na darasa zima haburudiki. Wangoni na Wahehe huchekana hadi msibani kwa sababu utani wao una mipaka, na kila upande una haki ya kujibu. Mgeni hana haki hiyo mpaka apewe silaha za kujibia, na silaha hizo ni vitendawili, mafumbo na mizaha ya lugha yenyewe. Ndiyo maana inafaa afundishwe silaha hizo mapema, kabla ya mazoezi marefu ya ulimi.

Matamshi yasitupwe. Kura inapogeuka kula, mwalimu asahihishe hapo hapo, kwani maana imepotea. Samba inaweza kungoja. Na katika mtihani wa mazungumzo, mtahini aweke kando orodha ya irabu, amsikilize mgeni akitega kitendawili, kisha ampe alama kwa jinsi anavyodai mji wake.