Kituo Namba 41

Leo tuzungumze habari za televisheni ya Kihispania katika nchi ya Marekani.

Wanaosema Kihispania nyumbani mwao huko wapita milioni 40. Wengi asili yao ni Mexico, Puerto Rico au Cuba. Lakini msidhani wote ni wageni. Katika Texas wako ambao wazee wao walikaa hapo kabla nchi ile haijawa ya Marekani.

Katika mji wa San Antonio, Texas, alikuwako bwana mmoja, Raoul Cortez, mzaliwa wa Mexico. Mwaka 1946 alifungua redio ya Kihispania, na mwaka 1955 akaanzisha televisheni iitwayo KCOR. Ukiacha kisiwa cha Puerto Rico, hiyo ndiyo ya kwanza ya lugha hiyo katika Marekani.

Sasa sikilizeni shida yake. Kituo kilipewa namba 41, na televisheni nyingi za siku zile zilikuwa na namba 2 mpaka 13 tu. Zungusha mpaka mwisho, 41 haipo! Mawimbi yalipita juu ya paa la mtu, picha asiione. Ilimlazimu anunue kisanduku cha pili, akiunge na televisheni yake, kiyageuze mawimbi yale yawe ya namba ambayo televisheni inaijua. Hiyo ni gharama juu ya gharama.

Tena kituo chenyewe huishi kwa matangazo ya biashara. Mwenye duka hatoi fedha mpaka aambiwe watazamaji ni wangapi. Mwaka 1961 Cortez alikiuza. Mmoja wa walionunua alikuwa mkwewe, Emilio Nicolás, aliyekuwa akifanya kazi humo. Kikaitwa KWEX.

Mwaka 1962 ilitoka sheria kwamba televisheni mpya zishike namba zote, nayo ikaanza kutumika mwaka 1964. Kwa maoni yangu sheria hiyo ilisaidia kuliko hotuba nyingi. Mama asiyejua Kiingereza aliweza kusikia habari za uchaguzi kwa lugha yake bila kisanduku cha pili.

Mwaka huo wa 1962 Los Angeles nayo ilipata kituo, KMEX, namba 34. Vituo hivyo vikaungana na vingine, na mwaka 1987 muungano wao ukaitwa Univision.

Haya, someni tena habari ya kisanduku, kisha mwelezeni jirani yako kazi yake.