Usiheme Harakaharaka Kabla ya Kuzamia

Leo tunazungumza na wapiga mbizi, wavuvi wanaozamia, na vijana wanaoshindana kukaa chini ya maji.

Ukibana pumzi, baada ya muda kifua kinakaza. Unatamani hewa. Wengi hudhani oksijeni imeisha. Sivyo. Kinachokusukuma kwanza ni hewa ukaa iliyoongezeka kwenye damu. Ubongo unaipima kila wakati. Ikizidi, unakuamuru upumue. Hewa ukaa ndiyo kengele ya mwili.

Sasa sikiliza hatari. Wapo wanaohema harakaharaka kabla ya kuzama, wakidhani wanajaza oksijeni. Oksijeni haiongezeki kwa kiasi cha maana. Kinachopungua ni hewa ukaa. Yaani, wanazima kengele. Huko chini oksijeni inaisha, na kengele haijalia. Mtu anazimia ghafla, hata kama ni muogeleaji hodari, hata kwenye maji ya kina kifupi.

Narudia: kuhemahema kabla ya kuzamia kunazima kengele ya mwili.

Basi fanya hivi. Kabla ya kuzama, pumua kawaida. Ukihisi haja ya kuvuta hewa, panda juu mara moja. Pumzika vya kutosha kabla ya kuzama tena. Usizamie peke yako. Awepo mwenzako anayekutazama.

Nanyi wazazi na walezi, yakatazeni mashindano ya kubana pumzi majini. Nawe mzamiaji, mwenzako akizimia, mtoe kichwa nje ya maji haraka, na uite msaada.