Hotuba ya Karani juu ya Cherehani ya Zigizaga na Matundu ya Vifungo

(Ilisomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Webuye)



Halmashauri imetuagiza sisi wa afisi tuseme juu ya cherehani ya chama iliyoko ghalani, ambayo mwaka huu imezusha maneno mengi kuliko jambo lingine lolote lililoandikwa katika daftari letu. Baada ya chakula mtaombwa kuinua mikono: iuzwe, au ibaki. Hatukuja kuwachagulia. Walakini yafaa kila mtu akijue kile anachokiinulia mkono, kwa maana wengi wa wanaoishutumu cherehani ile hawajapata kuketi mbele yake, na sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwao.

Wazee walio hapa wazikumbuka siku ambazo mji huu uliitwa Broderick Falls. Barazani mwa duka palikuwa na fundi na cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, mara nyingi Singer. Sindano ya cherehani ile hupanda na kushuka mahali pamoja tu. Haijui kwenda kushoto wala kulia. Kwa hiyo fundi alilishona shati zima kwa mashine, kisha akampa mwanafunzi wake sindano ya mkono afanye matundu ya vifungo, moja moja, akiuzungusha uzi ukingoni mpaka pale palipokatwa pafunikwe pasichanike. Kijana mvivu alijulikana kwa matundu yake. Walikuwako pia mafundi wenye kifaa cha kupachika, ambacho hukisukuma kitambaa upande huu na upande huu chini ya sindano isiyocheza. Ni kifaa chema, ila si kila fundi aliyeweza kukipata.

Cherehani ya zigizaga ni nyingine, kwa kuwa sindano yenyewe hucheza. Si jambo jipya duniani: huko Marekani mwanamke aitwaye Helen Blanchard alipewa hataza ya mshono wa namna hiyo mwaka 1873, na katika miaka ya 1950 makampuni kama Bernina, Pfaff na Singer yalikuwa yakiuza cherehani za zigizaga kwa matumizi ya nyumbani. Kwetu sisi zimefika polepole, nyingi zikiwa zimekwisha kutumiwa na wengine.

Mwajua jinsi chama kilivyofikia kuinunua hii yetu. Kiwanda cha karatasi kilichoanza kazi hapa mwaka 1974 kilisimama mwaka 2009, na nyumba nyingi zilizoishi kwa mshahara wa kiwanda zikabaki kuishi kwa mikono ya akina mama. Wengine walilima, wengine waliuza sokoni, na wachache waliokuwa na ujuzi wa kushona walirudi kwenye cherehani. Nguo za mitumba zimewanyang'anya mafundi shati la mtu mzima na gauni la harusi. Lakini sare ya shule bado ni yao, maana shule hutaka rangi moja na mshono mmoja kwa watoto wote, na hayo hayaokotwi katika furushi la mtumba. Tangu ada za shule za msingi zilipoondolewa mwaka 2003, watoto wameingia shuleni kwa wingi, na kila mmoja huhitaji shati. Shati moja la mtoto lina matundu saba, sita kifuani na moja shingoni. Akina mama wetu walikuwa wakiyapeleka matundu hayo Bungoma au Kitale kwa wenye mashine, wakilipia kila tundu, na nauli juu yake. Ndipo Halmashauri ikasema, na tununue mashine yetu wenyewe.

Ikanunuliwa. Tukapata kazi ya kwanza ya mashati 36, ndiyo matundu 252. Mashati yakapelekwa shuleni, na baada ya majuma mawili yakarudi katika gunia. Mwalimu mkuu hakutukana. Alilifungua gunia lile mbele yetu na kutuonyesha. Kila tundu lilikuwa na upande mmoja uliojaa uzi na upande wa pili wenye nyuzi chache kama meno ya mzee. Ncha za matundu zilikuwa zimechanika. Kitambaa kilikuwa kimekunjamana kandokando, na vifungo vingine vilipita na kutoka vyenyewe mtoto akikohoa.

Mama aliyeyashona alilaumiwa barazani, sokoni, na hata kanisani. Palisemwa kuwa aliharibu makusudi, na palisemwa kuwa mkono wake una balaa. Alikaa majuma matatu bila kuja kwenye kikundi, na binti zake wawili ambao chama kiliahidi kuwasaidia karo walianza kuona haya kupita mbele ya afisi. Bwana Mweka Hazina naye alikuwa na hesabu yake: sindano kumi na mbili zilizovunjika katika mwezi mmoja.

Sasa hatuna budi kukiri jambo ambalo halikuandikwa katika taarifa ya robo ya pili. Cherehani ile ilikuja na kitabu cha maelezo. Kitabu hicho sisi wa afisi tulikipokea, tukakipiga muhuri, tukakitia katika faili, na faili tukalifungia kabatini. Mama yule alipewa mashine na kuonyeshwa kwa dakika chache tu na aliyetuuzia. Hakuna aliyemsomea hata ukurasa mmoja. Gunia liliporudi ndipo tulipolikumbuka faili, tukaenda nyumbani kwake kuomba radhi, kisha tukaketi naye jioni nne, sisi tukisoma na yeye akikanyaga. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Cherehani ile ina vitu vinne vya kuitawala. La kwanza ni gurudumu dogo la upana wa mshono, lenye tarakimu toka 0 hata 4. Likiwa kwenye 0 sindano haichezi, na cherehani hushona mnyofu kama ile ya barazani. Likiwa kwenye 4 sindano huruka kwa upana wote. Pili ni gurudumu la urefu, nalo huyaamuru yale meno yaliyo chini ya mguu wa cherehani yakivute kitambaa kwa hatua ndefu au fupi. Likikaribia 0 nyuzi hulala bega kwa bega, zikifunika kitambaa kama majani ya paa yaliyoezekwa vizuri. Likifika 0 kabisa kitambaa husimama. Tatu ni mahali pa sindano: kushoto, katikati au kulia. Na la nne ni wenzo wa kukirudisha kitambaa nyuma.

Tundu la kifungo ni safu mbili nyembamba za zigizaga zilizosongamana, zenye nafasi ndogo katikati ya kupitisha wembe, na kila ncha ikifungwa kwa mishono mipana. Hayo tu. Lakini hapo ndipo mama yetu alipopotezwa. Alielekezwa aishone safu ya kushoto akienda mbele, kisha aipeleke sindano kulia na kuishona safu ya pili kwa wenzo, akirudi nyuma. Katika cherehani iliyo sawasawa njia hiyo yafaa, na ziko zenye skrubu ya kusawazisha mwendo wa mbele na wa nyuma. Yetu haina skrubu hiyo, na ni nzee. Meno yake yakirudi nyuma hupiga hatua ndefu kuliko yakienda mbele, hata kama gurudumu la urefu halikuguswa. Kumbe basi zile nyuzi chache za upande wa pili hazikutoka katika mkono wa mtu! Tulipima kwa rula juu ya kipande cha khaki, na mama akaanza kucheka, kisha akalia kidogo.

Dawa yake imo katika kitabu kile kile. Safu zote mbili zishonwe kwenda mbele, na kinachogeuzwa kiwe ni kitambaa. Sindano huwekwa kushoto, upana 2 au pungufu kidogo, urefu karibu na 0. Safu ya kwanza hushonwa mpaka mwisho wa alama ya chaki. Hapo sindano huachwa ndani ya kitambaa ikiwa upande wake wa kulia, mguu huinuliwa, kitambaa hugeuzwa kichwa chini, mguu hushushwa. Kisha sindano hutolewa juu, upana hupelekwa 4, urefu 0, na mishono mitano au sita hupigwa papo hapo kuifunga ncha. Upana hurudishwa, na kitambaa husogezwa kwa mkono kiasi cha unene wa uzi, ili nafasi ya wembe ipatikane. Safu ya pili hushonwa kando ya ile ya kwanza, na ncha ya pili hufungwa vilevile. Mwisho upana huwekwa 0 na mishono michache ya mnyofu hupigwa ili uzi usifumuke.

Kuhusu zile sindano kumi na mbili, Bwana Mweka Hazina, jibu ni fupi. Gurudumu la upana haliguswi kamwe sindano ikiwa ndani ya kitambaa. Ukiligeuza wakati huo, sindano hulazimishwa kwenda kando ilhali kitambaa chaishika, nayo hupinda, na ikishuka tena hugonga chuma. Tangu tulipojua hilo imevunjika moja, na hiyo tuliivunja sisi makarani.

Mambo mengine twayataja kwa haraka. Chini ya matundu sharti kutiwe kitambaa kigumu, kama kile cha ndani ya kola, la sivyo shati hukunjamana. Uzi wa juu ulegezwe kidogo, ili ule wa bobini usichungulie juu. Urefu wa tundu ni upana wa kifungo pamoja na unene wake: kifungo cha milimita 11 chenye unene wa milimita 2 chataka tundu la milimita 13. Na kabla ya kukata, pini huchomwa mbele ya kila ncha ili wembe usipite mpaka wake. Zile ncha zilizochanika zilikuwa na kasoro mbili, kwanza hazikufungwa kwa upana wa 4, na pili wembe ulizipita.

Mashati 36 hayakuweza kuponywa yote kwa kufumua, kwa kuwa tundu likisha kukatwa halirudi kuwa kitambaa. Yalibandikwa ukanda mpya kifuani, kwa gharama ya chama, na mama yule ndiye aliyeyashona. Watoto waliyasubiri, wakienda shuleni na nguo za nyumbani, na wengine wakaulizwa sababu mbele ya wenzao. Deni hilo la aibu haliwezi kuandikwa katika hesabu. Yalipopelekwa mara ya pili mwalimu mkuu aliyafungua na kuyafunga matundu mengi mwenyewe, bila kusema neno, akatia sahihi.

Wapo wanaosema tuiuze tununue kile kifaa cha kupachika, tukitumie juu ya cherehani za mnyofu tulizo nazo. Si ushauri mbaya. Kifaa kile hakina wenzo wa kumpoteza mtu, na matundu yake hutoka ya kipimo kimoja. Lakini hakifungi ukingo wa suruali wala hakiwezi kudarizi jina la shule mfukoni, kazi ambazo zigizaga yaziweza. Wapo pia wanaotaka turudie Bungoma na Kitale. Hao twawaomba wakaulize nauli ya sasa kabla ya kuinua mkono.

Iwapo mtaamua ibaki, afisi yaomba mambo mawili. Kitabu cha maelezo kitoke katika faili letu kikae mezani pamoja na cherehani, na maelezo yake yaandikwe kwa Kiswahili na kwa Kibukusu. Kazi hiyo tumekwisha kuianza, tumefika ukurasa wa tisa. Tena ufunguo wa ghala akae nao mama aliyetajwa, wala usikae nasi.

Cherehani imetolewa nje, iko chini ya mti kando ya meza ya chai. Mama yupo pale na vipande viwili vya khaki. Kimoja atakishona kwa njia ya kwanza, kingine kwa njia ya pili, na wembe na vifungo vimo katika kopo. Mzee yeyote apendaye aende ajaribu kifungo kwa mkono wake kabla ya kura kupigwa.