Mteja Anayehama Kimyakimya: Malalamiko ya Dukani na Msimu wa Mbegu Babati



Katika duka moja la mji huu wa Babati zimebandikwa karatasi mbili kwenye ukuta mmoja. Ya juu inasema, "Mteja ni mfalme." Ya chini, kwa wino mwekundu, "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Sijapata kumsikia mteja akiuliza ni mfalme gani huyo asiyeweza kurudisha hata balbu iliyoungua. Jioni hii nitamzungumzia huyo asiyeuliza.

Si kwamba ni bubu. Akipunjwa au akijibiwa ovyo husema sana: kijiweni kwa bodaboda, saluni, kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, kwa shemeji yake wa Magugu. Asiyeambiwa ni mwenye duka peke yake. Kesho yake mteja huvuka barabara na kununua upande wa pili, na muuzaji wa kwanza hubaki akilaumu hali ya uchumi.

Mchumi Albert Hirschman aliandika kitabu mwaka 1970 kuhusu jambo hili hili, na wazo lenyewe lilimjia Afrika, alipotazama reli ya Nigeria. Reli ilikuwa mbovu, malori yakawapo, na wenye mizigo wakahamia kwenye malori. Mtu angetarajia kukimbiwa huko kuishtue reli ijirekebishe. Haikushtuka. Walioondoka mapema ndio waliojali zaidi, ndio ambao wangepiga kelele. Na shirika la umma likikosa mapato hazina hulifidia. Kwa hiyo kuhama kuliiba sauti ambayo ingeweza kuitengeneza reli.

Duka la Babati halina hazina ya kulifidia. Lina kitu kingine: daftari la mkopo. Mama anayechukua unga na mafuta hadi mwisho wa mwezi, jina lake likiwa ukurasa mmoja na majirani zake, atapata wapi ubavu wa kusema kipimo kimepungua? Hata asiyedaiwa anajua kwamba mwenye duka atamkuta kesho kanisani au msikitini, na keshokutwa watabeba jeneza pamoja. Mimi siuiti woga. Ni hesabu, na mara nyingi ni hesabu sahihi.

Historia nayo ina sehemu yake. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilitaka maduka ya watu binafsi vijijini yapishe maduka ya kijiji na ya ushirika, huku bidhaa zikigawiwa kupitia Kampuni za Biashara za Mkoa, zile RTC. Miaka ya mwanzo ya 1980, wenye umri wangu mnakumbuka, mtu aliyepata mche wa sabuni alishukuru. Nani angelalamikia povu? Masharti ya biashara yalipoanza kulegezwa mwaka 1984 bidhaa zilirudi rafuni, lakini wauzaji wengi bado wanakuuzia kana kwamba wanakufadhili.

Sasa, kwa sukari na chumvi, kuhama kimyakimya kunatosha. Mizani ikikupunja unajua siku hiyo hiyo, na Wakala wa Vipimo wapo kwa kazi hiyo. Kinachonitia wasiwasi ni duka la pembejeo.

Tuseme mkulima wa Galapo amenunua mbegu za mahindi mvua zinakaribia. Kifuko kinang'aa, kina picha ya gunzi nono. Muuzaji anamwuliza, "Na risiti au bila risiti?" Bila risiti bei inashuka kidogo, na yeye ana nauli ya kufikiria. Anapanda. Wiki mbili baadaye shamba lina mapengo kama kinywa cha mzee. Analaumu mvua, analaumu panya, analaumu kijana aliyefukia mashimo. Akija kushuku mbegu, kifuko kimeshawashia moto jikoni. Anaweza kuhamia duka jingine, lakini atahama mwakani, kwa kuwa msimu hauna marudio. Na duka alilohamia huenda linachukua mzigo kwa msambazaji yule yule wa Arusha.

Hapo kuhama hakumwadhibu yeyote. Ni sauti tu inayofaa, tena sauti yenye ushahidi. Sheria zipo: Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, inayosimamiwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha mbegu, kutoka Morogoro, Sheria ya Ushindani ya mwaka huo huo, iliyounda Tume ya Ushindani, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ambayo inasema kwamba ukimweleza muuzaji kazi unayotaka kuifanyia bidhaa, nawe ukategemea ujuzi wake, bidhaa hiyo lazima iifae kazi hiyo. Ile karatasi ya wino mwekundu si sheria. Lakini ofisa yeyote utakayemfikia atauliza mambo ya kawaida kabisa: risiti iko wapi, kifuko chenye lebo kiko wapi, umebakiza punje za kupimwa?

Lebo ya TOSCI ina namba iliyofichwa. Unaikwangua, unaituma kwa simu, unajibiwa kama mbegu imethibitishwa. Ikwanguliwe pale pale kaunta, kabla ya fedha kutoka mfukoni. Muuzaji mwadilifu hatakasirika, maana naye hupokea vifuko vimefungwa na hajui kilichomo zaidi ya mteja wake. Anapouziwa feki ni mlalamikaji kama wewe, na mara nyingi naye hana risiti.

Mtaniambia kundi la mtaa lina kasi kuliko Tume. Ni kweli, na limewahi kuokoa wengi. Ila picha ya duka yenye neno "matapeli" haimrudishii mkulima hata kilo moja, na kama habari yenyewe ni ya uongo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaweza kumgeuza mlalamikaji kuwa mshtakiwa. Andika tarehe uliyonunua, namba ya lebo, na muuzaji alivyokujibu ulipomrudia. Kama hukumrudia, anzia hapo.

Ombi langu kwa halmashauri ya mji ni dogo: kabla ya mvua za kwanza, maofisa ugani wakae siku za mnada na meza moja ya kupokea vifuko na risiti, na matokeo yabandikwe hadharani, ya maduka yaliyofanya vizuri pia. Wenye maduka ya pembejeo nimewaona safu ya nyuma. Mwenyekiti akiridhia, maswali yaanze kwao.