MKONO NAO UNA NENO LAKE

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na vijana wa tawi juu ya uchoraji na uchongaji)



Nimeombwa niseme machache juu ya uchoraji, uchongaji na kazi nyingine za mikono. Najua wako wanaoulizana kimya kimya: Je, hayo nayo ni mambo ya mkutano? Tuna mashamba ya kulima na shule za kujenga. Picha zitatufaa nini? Swali hilo ni la haki, na yafaa lijibiwe.

Ndugu zangu, mtu aliyetawaliwa hunyang'anywa vitu viwili: ardhi yake na kauli yake. Ardhi hurudi siku bendera inapopandishwa. Kauli hairudi siku hiyo. Kila mtu hana budi kuitafuta mwenyewe. Wako wanaoipata kwa ulimi, na hao ndio tunaowasikia mikutanoni kila siku. Lakini wako wengi ambao ukiwasimamisha hapa watatetemeka, nao ukiwapa udongo, mkaa au patasi, watakueleza jambo ambalo mimi msemaji siliwezi. Tusipowapa nafasi watu hao, tumewaziba midomo bila ya kujua.

Nitawapa mfano wa mtu mmoja, marehemu George Lilanga. Alizaliwa mwaka 1934 huko kusini, upande wa Masasi, katika Wamakonde. Alianza kuchonga kwa mizizi ya mihogo, kitu ambacho kila kijiji kinacho wala hakinunuliwi dukani. Kutoka mhogo akaingia kwenye mti laini, na kutoka mti laini akafika kwenye mpingo. Alipohamia Dar es Salaam alipata kazi ya ulinzi katika Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972. Huyo mlinzi hakuridhika kulinda kazi za wenzake. Alijaribu batiki, akachora juu ya ngozi ya mbuzi, akachora kwenye mabamba ya madini na kuyapiga chapa kwenye karatasi, kisha akashika brashi na rangi. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, huko Marekani.

Sasa tazameni jambo la maana. Kila kitu alichokishika kilimfundisha kusema kwa namna yake. Mpingo ni mgumu. Hukulazimisha ufikiri kabla ya kupiga tezo, maana kipande kilichotoka hakirudi tena. Nta ya batiki hukutaka uwe mwepesi kabla haijaganda. Rangi nayo humpa mtu furaha ambayo mti mweusi hauna. Lakini katika vyote hivyo ukiwaona wale mashetani wake wenye masikio makubwa na matumbo yaliyojaa, wakicheza, wakinywa, wakibishana, mara moja utasema: Huyu ni Lilanga. Vifaa vilibadilika, na mtu akabaki yule yule, tena akazidi kujulikana. Hata kisukari kilipomkata miguu aliendelea na kazi, mpaka alipofariki mwaka 2005.

Hakuwa peke yake. Sam Ntiro wa Machame alisoma Makerere, kisha Shule ya Slade ya London, na baada ya Uhuru wa mwaka 1961 akawa Balozi wetu huko huko Uingereza. Pamoja na elimu hiyo yote, alichora watu wa kwao Kilimanjaro, migomba yao na kazi zao. Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru hakusomea uchoraji katika shule yoyote. Mwaka 1968, hapa Dar es Salaam, alichukua vipande vya hadibodi na rangi za kupakia baiskeli, akachora. Alifariki mwaka 1972, na kwa miaka minne tu aliacha njia ambayo imelisha familia nyingi hadi leo.

Wala tusiwasahau mama zetu. Mwanamke anayefinyanga chungu na kukitia nakshi shingoni, na yule anayechagua rangi za ukili kabla ya kushona mkeka, nao ni wasanii. Tumezoea kuziita kazi zao vyombo vya nyumbani, tukaacha kuuliza ni nani aliyezitengeneza.

Lakini sitawaficha tatizo letu. Nendeni sokoni kwenye vinyago na picha. Mtaona twiga yule yule, mlima ule ule, umechorwa na mikono ishirini. Simlaumu anayefanya hivyo. Ana watoto, na mgeni huyo ndiye anayelipa. Hata hivyo, yafaa tujiulize: Ikiwa mkono wangu huchora tu kile anachokitaka mnunuzi, mkono huo ni wa nani? Tingatinga alijitafutia njia yake. Anayemnakili kila siku hajamfuata. Ameshika alama za miguu, akaiacha safari. Nasema kwa fundi: Chora wanane wa kuuza, na wa tisa mchore kwa ajili ya lile linalokukera au kukufurahisha usiku.

Na ninyi ambao hamjajaribu kabisa, msingoje vifaa kutoka ng'ambo. Udongo wa mfinyanzi upo mtoni. Mkaa upo jikoni. Shika hiki mwezi huu, na kile mwezi ujao, mpaka mkono wako ukuambie: Hapa ndipo pangu. Usivunjike moyo kwa kazi ya kwanza kuwa mbaya. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa wazee nina ombi moja. Mtoto akichora ukutani kwa mkaa, kabla ya kumpiga, mwulize amechora nini. Na kwa viongozi wa tawi: chumba hiki hukaa wazi siku nyingi za wiki. Kipeni meza mbili na ukuta mmoja wa kutundikia picha, na watu wenyewe watakijaza.

Tulipigania haki ya kila mtu kusema. Basi na wale wasemao kwa mikono wasikilizwe.