Mazungumzo kwa Mafundi: Ekseli Iliyochomoka



Sisi mafundi wa Isiolo twajua kazi ya shokabsoba haiishi, kwa maana magari yaendayo Merti hupita mawe na makorongo. Tukishafungua boli za shokabsoba, habu huinama nje, ekseli ikachomoka katika giaboksi, na oili ikamwagika. Hapo tajiri hutuhimiza: "Pigeni nyundo, mwenye gari angoja!"

Tusikubali. Kwanza gari likae juu ya stendi imara. Jeki peke yake si ulinzi. Tufute mchanga kwenye meno ya ekseli, tutazame na sili; ikiwa imechanika, ibadilishwe. Pete ya waya iliyo nchani iwe nzima, na kwa Toyota nyingi mwanya wake utazame chini. Tuinue ekseli iwe sawa na tundu, tuizungushe mpaka meno yaingiane, kisha tuisukume hadi pete ilie "tak". Tuijaribu kwa kuvuta kikombe cha ndani, wala si fimbo yenyewe, maana fimbo huweza kutoka ndani ya kikombe. Isipotoka, imeshika. Mwisho turudishe oili iliyopotea.

Nyundo huharibu meno na sili. Haraka huponda mikono. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atupe vyombo vya kazi vilivyo salama. Basi ndugu, tudai stendi kwa sauti moja. Gari laweza kungoja. Mkono uliopondwa haurudi.

Umoja ni nguvu.